Fomu ya Jiko Nisiloingia

Mwenye kosa ni mimi. Nalitaja hilo kabla ya jambo lingine lolote ili msomaji asipoteze muda kumtafuta. Fomu ya lishe ya boma la Mama Dina, Magunga, iliyojazwa katika miaka ya tisini, ilijazwa kwa mkono wangu na kutiwa sahihi yangu, na karibu kila jibu lililomo si la kweli. Sikuhongwa. Sikuwa mlevi wala mvivu. Nilikuwa mkwe. Wa pili katika kosa hili ni ofisi iliyoarifiwa kwa maandishi, mara tatu, ikanyamaza. Nitaifikia.

Ninyi vijana mnaoingia katika kazi ya lishe leo mna simu za kupiga picha sahani ya mtu kabla hajaosha mikono. Sisi tulikuwa na kalamu, karatasi ya kaboni, mizani ya kuning'iniza na swali moja: jana, tangu ulipoamka hadi ulipolala, ulikula nini? Nililiuliza swali hilo kwa miaka mingi, kwanza Homa Bay na baadaye Migori, nikiwa afisa msaidizi wa lishe. Nawahakikishia kwamba hakuna swali linalomtia mtu mzima haya kama hilo. Mgeni ameketi kwenye kiti kizuri cha nyumba, ana begi la serikali magotini, naye anataka kujua ulikula nini. Nani atamwambia kwamba alikula kiporo?

Nakumbuka mzee mmoja karibu na Rongo, mtu mwenye sauti nzito na suruali iliyopigwa pasi.

"Jana asubuhi mlikula nini, mzee?"

"Nyama."

"Na mchana?"

"Nyama."

"Na juzi?"

"Daktari, si nimesema nyama? Andika."

Mke wake alikuwa mlangoni akipepeta njugu. Hakuinua uso. "Andika tu, Daktari," alisema. "Lakini hiyo nyama ukiipata huko kwa karatasi, tuletee na sisi tuonje."

Mzee alicheka hadi akakohoa, nami nikaandika nyama. Hilo lilikuwa kosa dogo, na nililirudia mara nyingi mno.

Aliyenifundisha kazi ni Bi. Peres, afisa mwenzangu aliyenitangulia kwa miaka mingi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mwendo wa taratibu, aliyewahi kufundisha mapishi shuleni. Aliniambia hivi: "Elisha, mdomo una heshima zake. Sufuria haina." Ukifika bomani, kabla hujaketi, tazama kichanja cha vyombo. Hesabu sufuria zilizooshwa na zile ambazo bado zina ukoko. Tazama jiwe la kusagia: likiwa na unga wa kahawia kwenye mikwaruzo yake, wimbi, yaani ulezi, limesagwa wiki hii, likiwa kavu na lina vumbi, usidanganywe. Usihoji Jumatatu, maana utaandikiwa karamu ya Jumapili. Usihoji siku inayofuata siku ya soko. Usimwulize mwenye kiti. Mwulize mwenye mwiko. Ukimaliza, mwombe akuonyeshe bakuli lake mwenyewe, si bakuli la wageni, ujaze maji na uyapime.

Hakuwa mtu wa kukemea, lakini alijua kumfedhehesha mtu kwa upole. Siku moja nilikuwa nikifundisha kikundi cha akina mama kupika osuga, ile mboga chungu wengine wanayoiita managu. Kwa kujiamini kabisa niliwaelekeza waichemshe, wamwage maji yote, kisha waichemshe tena. Niliwaambia huo ndio usafi, na uchungu pia utapungua. Karai zima la maji ya kijani likamwagwa kwenye shina la mgomba. Bi. Peres alilitazama likinywewa na udongo.

"Hongera," akaniambia. "Mgomba huu utaishi miaka mingi."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza habari za magnesiamu, nami nawaeleza kama nilivyoelezwa. Ni madini. Hayana ladha ya kuyatambulisha wala huwezi kuyaonyesha kwa kidole. Mwili huyahitaji ili misuli ikaze na kulegea kwa wakati wake, mishipa ya fahamu ipitishe habari, na moyo ushike mapigo yake. Yamo katika ule ukijani wenyewe wa majani, katika njugu, simsim na maharagwe, na katika wimbi na mtama pamoja na ganda lake la ndani na kiini chake. Mboga ikichemshwa, sehemu ya madini hayo huingia katika maji; ukiyamwaga maji, umemlisha mgomba. Mahindi yakikobolewa na kuchekechwa hadi unga ukawa mweupe kama chaki, sehemu kubwa huenda na pumba, na pumba huenda kwa kuku. Ndiyo maana Bi. Peres alisema kuku wa mjini wanakula vizuri kuliko wenye kuku.

Watafiti wa nchi mbalimbali wameona kwamba watu ambao chakula chao kina magnesiamu ya kutosha huelekea kupatwa kwa uchache na kisukari cha ukubwani, presha na kiharusi, na wapo walioona kwamba watu hao huelekea pia kuishi zaidi. Nimesema huelekea. Msiliondoe neno hilo mnaponinukuu. Mtu anayekula wimbi na mboga za majani hula pamoja navyo vyakula vingine vyema, na mara nyingi huvifuata shambani kwa miguu yake mwenyewe. Kuonekana pamoja si kusababishana. Afisa asiyejua tofauti hiyo asikabidhiwe kalamu.

Sasa nije Magunga.

Ofisi ilitaka kujua wazee wa maeneo yale wanakula nini, na maboma yakachaguliwa kwa kuokota vikaratasi katika kofia. Kikaratasi kimoja kilikuwa na jina la marehemu baba mkwe wangu. Niliona jina lile na sikusema neno. Nilipaswa kusimama na kusema, "Hapa atumwe mwingine." Niliona haya kuonekana ninakwepa safari.

Wasomaji wa mbali wanielewe. Kwetu, mama wa mke wako ni maro, na maro hatembelewi ovyo. Mkwe haingii jikoni kwake, hachunguzi vyombo vyake, haketi akamtazama usoni na kumhoji alichotia tumboni. Ukikutana naye njiani, unampisha. Huo si uadui. Ni heshima nzito kuliko zote tulizo nazo, na mimi niliipenda, kwa sababu nilimpenda Mama Dina, maro wangu.

Nilipofika alinipokea shemeji yangu Odhiambo, kitinda mimba wake, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa uwanja. Mkononi nilikuwa na furushi kutoka kwa mke wangu Akinyi: pakiti za unga mweupe wa dukani, sukari, majani ya chai na mikate miwili. Odhiambo alilipokea kwa mikono yote miwili, akaniita orwa, jina letu la mkwe.

"Orwa, karibu. Leo umekuja kama mkwe ama kama serikali?"

"Kama serikali."

"Basi serikali itakula kuku."

Kutoka jikoni, ng'ambo ya uwanja, nikasikia sauti ya maro. Hakusema nami. "Odhiambo! Muulize kama watoto wa Akinyi wako sawa."

"Mwambie mama wako salama kabisa," nikamwambia Odhiambo, ingawa tulisikiana vizuri sote watatu.

"Mwambie amekonda. Anatembea sana."

"Mwambie mama nashukuru."

Kuku aliletwa pamoja na ugali mweupe wa mgeni. Nilipokwisha kula nikafungua begi. "Shemeji, mama anakula nini siku hizi?"

"Mama? Anakula chakula."

"Chakula gani?"

"Si kile unajua. Kwani wewe ulioa kwa nani?" Akacheka, akatoka kumfunga ng'ombe.

Nikabaki na fomu. Vijana wangu, mtu anaweza kuandika uongo bila nia yoyote mbaya. Nilifumba macho nikaikumbuka miaka ya kuchumbia, nilipokuwa nikiletewa sahani katika boma hilohilo: ugali wa wimbi na muhogo, mzito na wa kahawia, osuga iliyopikwa kwa maziwa hadi ikasahau uchungu wake, njugu zilizotwangwa, na omena, wale dagaa wa ziwani. Nikaandika hivyo vyote. Nikaandika mboga za majani, mara mbili kwa siku. Nikaandika wimbi, kila siku. Mwandiko wangu haukuwahi kuwa mzuri kama siku ile. Nikaweka sahihi, nikaaga kwa kupitia Odhiambo, nikaondoka nimeshiba.

Fomu zetu zilikuwa na nakala, na nakala moja ilikwenda katika jalada la mgonjwa kwenye zahanati ya eneo lake. Utaratibu ulikuwa mzuri. Baadaye maro alipatikana na presha, na tabibu akampa vidonge vya kupunguza maji mwilini, kama ilivyokuwa kawaida. Simlaumu. Muda si mrefu yule mama akaanza kukazwa na misuli ya miguu. Vidole vya mikono vikawa vinajikunja vyenyewe. Moyo ukawa unaruka mapigo, akashindwa hata kushika kikombe. Tabibu alimwuliza kuhusu chakula, naye akajibu kama mzazi mwenye adabu: "Nakula vizuri, daktari. Watoto wangu wananitunza." Tabibu akafungua jalada, akaisoma fomu yangu. Chakula cha mama huyu kilikuwa bora kuliko cha tabibu mwenyewe. Akaandika kwamba ni uzee.

Miezi ikapita. Akinyi alikwenda kumwona, na aliporudi Homa Bay aliketi kwenye benchi la nje bila kuvua viatu.

"Elisha, wewe ndiye mtu wa chakula. Mama anakwisha. Namwinua kitandani kama mtoto. Kwani anakula nini?"

"Anakula vizuri. Fomu inaonyesha—"

"Nani alijaza hiyo fomu?"

Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Ulimuuliza mama yangu?"

"Sikuweza kumuuliza. Unajua siwezi."

"Najua huwezi. Lakini hukuniuliza hata mimi."

Asubuhi iliyofuata nilimweleza Bi. Peres kila kitu, nimesimama. Nilitazamia maneno makali. Alifunga daftari lake, akachukua begi na kusema, "Mimi si mkwe wa mtu yeyote Magunga." Akaenda, akakaa siku mbili jikoni kwa maro, akimenya, akichochea moto na kusikiliza. Aliporudi alinipa orodha kwenye nusu ukurasa: ugali mweupe, kidogo; chai ya rangi, sukari nyingi; mkate uliochovywa kwenye chai; mchuzi, siku ya mgeni. Mboga za majani hakuna. Wimbi hakuna. Njugu hakuna.

"Meno yamekwisha," akaniambia. "Na jiwe la kusagia, Elisha, kuku ametaga juu yake."

"Kwa nini hakusema?"

"Nilimuuliza. Alisema, 'Nimpikie nani mboga, na mimi niko peke yangu? Na huu unga mzuri wanaoniletea, niuache uoze?'"

Unga huo tulikuwa tukimpelekea sisi. Akinyi na mimi tulikuwa tumekubaliana, kwa mapenzi, kwamba mama asihangaike tena na jiwe. Kila mwezi tulikuwa tukimwondolea chakula chake, yeye akishukuru, nami kwa kalamu yangu nikathibitisha kwamba chakula kile bado kilikuwapo.

Bi. Peres aliipeleka orodha ile kwa tabibu, naye, nampa heshima yake, alimpeleka maro hospitali kubwa siku hiyohiyo. Hapakuwa na kipimo cha magnesiamu. Daktari aliweka mbele yake dalili, vidonge na orodha ya chakula, akasema anashuku kwamba vidonge vilikuwa vikiyatoa madini mwilini, na chakula hakikuwa kikiyarudisha. Akabadilisha vidonge, akaongeza dawa, kisha akamgeukia Akinyi na kumwambia, "Hayo mengine ni ya jikoni."

Akinyi alikaa Magunga hadi mvua zilipoanza. Wimbi lilisagwa laini kwenye mashine, likapikwa uji. Njugu zilisagwa zikawa rojo, kwa sababu rojo halihitaji meno. Osuga ilikatwa vidogo, ikaiva ndani ya maji yake na kuliwa pamoja nayo. Wiki zilipita kabla vidole havijanyooka. Siku maro alipoweza kushika kikombe mwenyewe, alikishika, akakipeleka hadi mlangoni kumwonyesha Odhiambo, akakirudisha. Akinyi alinisimulia hayo huku akilia na kucheka.

Nilikwenda kuomba radhi. Nilisimama nje ya jiko, nimeupa ukuta mgongo kama adabu inavyotaka, Odhiambo akiwa kati yetu kama mkalimani wa watu wanaozungumza lugha moja.

"Mwambie mama kwamba ile fomu niliijaza kwa kukisia. Sikumuuliza mtu. Ameumia kwa sababu yangu, nami naomba radhi."

Kisha nikasikia kicheko chembamba cha mtu asiye na meno.

"Mwambie orwa sijakasirika. Peres alinisomea. Ameniandika vizuri sana. Ameniandika nikiwa msichana."

Odhiambo akaanza kucheka. Maro akamnyamazisha.

"Mwambie na hili. Ule unga nilikuwa naona haya kuukataa. Uliletwa na mapenzi. Mtu anakataaje mapenzi? Sasa mwambie, akitaka kuleta mapenzi tena, alete wimbi."

Tukaleta wimbi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na wajukuu wake wawili aliwaona wakioa. Sitasema ni magnesiamu iliyompa miaka hiyo. Vidonge vilibadilishwa, binti yake alikaa naye, na akaanza tena kupika kwa ajili ya watu. Kilichofanya kazi kubwa kuliko vingine sikijui, na kwa kuwa sikijui siandiki. Lakini dalili hazikurudi, na hilo niliarifiwa na watu walioingia jikoni.

Sasa niifikie ofisi. Wiki ileile niliandika barua ya kusahihisha fomu, nikaambatanisha orodha ya Bi. Peres. Mkuu wetu aliniita.

"Elisha, fomu moja?"

"Moja ninayoijua, bwana mkuu."

"Imeshajumlishwa. Unataka nifungue jumla kwa sababu ya mama mkwe wako?"

Nilimwomba aniruhusu niwaulize wenzangu wakati wa chai. Niliwauliza ni nani kati yao aliyewahi kuingia jikoni katika boma la wakwe zake kujaza fomu. Mmoja akasema, "Kwa wakwe? Mimi hata kwa shangazi nahojia mlangoni." Wakacheka, na katika kicheko hicho nikaelewa kwamba jumla yote ilikuwa na maboma mengine kama lile la Magunga. Taarifa ilipotoka ilisema kwamba chakula cha wazee wa eneo lile ni cha asili na kinatosha. Kwa sababu hiyo, mafunzo ya mapishi kwa wazee wasio na meno, ambayo Bi. Peres aliyaombea Magunga, yalifutwa. Niliandika barua ya pili, kisha ya tatu. Bi. Peres alistaafu bila kupata jibu, nami nikastaafu vivyo hivyo.

Vijana wangu, msiende kusema kwamba Mzee Elisha anailaumu mila. Mila ilinikataza kuingia jikoni. Haikunikataza kusema kwamba sikuingia. Mkitumwa mahali msipoweza kuuliza, rudisheni fomu tupu na kuomba atumwe mwingine. Fomu tupu humfanya tabibu aulize tena, iliyojaa humnyamazisha. Na msiwaambie watu waache unga mweupe kana kwamba ni sumu. Waulizeni kwanza meno yao yako wapi, nani anapika, na anampikia nani.

Kwa hiyo, kwa adabu yote inayostahili afisi ya umma, nadai yafuatayo kutoka kwa yeyote aliyerithi majalada yetu. Fomu ya boma la Mama Dina itolewe, na juu yake iandikwe, kwa wino usiofutika, kwamba mhoji hakuingia jikoni na hakumhoji mhusika, na jina langu liandikwe hapo kuwa ndilo lenye kosa. Kila fomu ya awamu ile ambayo aliyeiona sufuria hakutajwa iwekewe alama hiyohiyo, na taarifa iliyojengwa juu yake isahihishwe hadharani, katika vituo vilevile ilikosomwa. Wazee wa Magunga walionyimwa mafunzo kwa sababu ya taarifa ile waelezwe hivyo, wao au watoto wao. Na barua zangu tatu, ambazo nakala zake ninazo pamoja na kumbukumbu za kupokelewa kwake, zijibiwe kwa maandishi. Sitapokea jibu lenye muhuri peke yake. Nataka jina la mtu na sahihi yake, kama mimi nilivyoweka yangu.